Magari yaishie juu: shajara ya mradi wa ufukwe wa Matema

Machi, kabla ya Pasaka

Leo serikali ya kijiji imetukabidhi kazi rasmi. Kamati ina wavuvi, akina mama wanaoanika usipa (samaki wadogo wa ziwa letu), wenye nyumba za wageni, vijana wa bodaboda, na mimi katibu. Kazi yenyewe ni hii: magari yasishuke mchangani, na anayekuja kwa miguu asizuiwe kufika majini. Niliomba mambo hayo mawili yaandikwe pamoja kwenye muhtasari, yasitenganishwe. Kuzuia magari si kazi kubwa. Kamba na kijana wa kusimama njiani vinatosha. Ninachokiogopa ni kizuizi cha magari kugeuka taratibu kuwa kizuizi cha watu, hadi siku moja mtoto wa hapa hapa aambiwe alipe kwanza ndipo aoge ziwani.

Kwa ambaye hajafika Matema: ukitoka Kyela mjini unapita Ipinda, unakatiza mashamba ya mpunga na kokoa, unatokea kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mashariki yake milima ya Livingstone inateremka mpaka inaingia majini. Upande wa magharibi kuna mdomo wa mto Lufilyo, ambako hatuogi kwa sababu ya mamba. Kutoka huko ufukwe unapita mbele ya nyumba za wageni na majengo ya Kanisa la Kilutheri, unaelekea Lyulilo ambako mchanga unaanza kupisha mawe. Zamani barabara ilikuwa mbaya kiasi kwamba aliyefika alikuwa amekusudia kweli. Tangu lami ifike, mtu anaondoka Mbeya asubuhi, anapita Tukuyu, anaoga, anakula samaki, na usiku analala kwake. Tumefurahi, biashara imechangamka. Lakini lami inakomea pale juu, na madereva wengi hawakubali kukomea nayo.

Jumanne baada ya Pasaka

Nimepita ufukwe mzima asubuhi kabla mawimbi hayajafuta alama. Nimeandika nilichokiona nikiwa bado nakiona, maana kwenye vikao watu hubishana na kumbukumbu.

Gari dogo likishuka hapa halifiki mbali. Mchanga wetu ni laini. Gurudumu la mbele linazama, dereva anakanyaga mafuta, gurudumu linachimba zaidi, mwisho tumbo la gari linalala chini. Kwenye shimo moja karibu na miembe nimeona doa jeusi la oili. Lilikuwa limeshuka ndani, nikalifukua kwa mkono na mchanga ulikuwa bado unanuka kina cha kiganja chini. Hatua chache kutoka hapo alikuwa ameinama mama mmoja wa kamati yetu, anaokota usipa wake uliosagwa. Kosta ya kwaya ilikuwa imegeuzia juu ya anikio lake. Usipa mdogo ule, wa urefu wa kidole, ukipitiwa na gurudumu unachanganyika na mchanga na hauchambuliki tena. Alikuwa ameshakopa hela ya kuununua kwa wavuvi.

Mbele kidogo, magari mawili yaliingizwa majini mpaka nusu ya magurudumu yakaoshwa kwa sabuni ya unga. Maji yale yale yanachotwa na nyumba zilizo upande huo kwa kupikia na kuoshea vyombo.

Haya yote yanarekebishika kwa fedha au kwa muda. Lisilorekebishika ni hili: watoto wanakaa mchangani wakichimba visima vyao vidogo, na dereva anayerudi nyuma hamuoni mtoto aliyekaa. Hamuoni kabisa, hata awe mwangalifu namna gani, kwa sababu kichwa cha mtoto kiko chini ya kioo cha nyuma. Pasaka hii hatukupoteza mtoto. Nimeiweka hoja hii ya kwanza kwenye barua ya kwenda halmashauri, juu ya usipa na juu ya oili.

Mei, ziwa limejaa

Tumepima mita 60 kutoka majini ambazo sheria inazilinda. Wengine walitaka tusubiri kiangazi ili kazi iwe nyepesi, nikakataa. Ziwa letu linapanda na mvua, linafika kilele Aprili au Mei, kisha linashuka taratibu hadi Novemba na Desemba. Tofauti ya kimo kati ya kilele na chini kabisa inaweza kukaribia mita moja. Mita moja ya kwenda juu si kitu, lakini kwenye ufukwe uliolala kama wetu inakuwa hatua nyingi za kwenda ndani. Anayepima Novemba anapata mita 60 zinazoanzia mahali ambapo Mei ni maji. Tumepima kutoka kwenye mstari wa takataka na majani yaliyosukumwa na wimbi la juu kabisa, na tumepigilia vigingi vyekundu mbele ya mashahidi.

Mita 60 hazikutoka kichwani mwetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa la asili, ukingo wa mto au bwawa. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 za ufukwe wa ziwa miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Nimeandika vifungu hivi kwa mwandiko mkubwa nikavibandika ofisi ya kijiji, kwa sababu mitaani watu wanasema "mita sitini za serikali" kana kwamba serikali ndiyo inayozikalia. Sheria haisemi kwamba mita hizo ni za mtu fulani. Inasema asiwepo wa kuzijengea.

Nakala ya vipimo imepelekwa kwa afisa mazingira wa wilaya, na nyingine Tukuyu kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa.

Juni, mwera umeanza

Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi huku kwetu, na upepo wa mwera ukishaanza kuvuma kutoka kusini una nafasi yote hiyo ya kuyakusanya mawimbi. Yanakuja kuvunjikia hapa. Ndiyo maana matete yaliyobaki kwenye ufukwe tunayapigania: mizizi yake ndiyo inayoshika mchanga wakati wimbi linauvuta. Gari likipita juu ya matete mara moja yanainuka tena. Yakipitiwa kila Jumamosi yanakufa, njia inakuwa mfereji, na mvua kubwa ikija maji ya barabarani yanaufuata mfereji huo huo mpaka ziwani na kuondoka na ufukwe. Nyuma ya nyumba moja ya wageni mfereji wa namna hiyo umefika kina cha goti langu. Ulianza na magurudumu mawili tu.

Wiki hii tumekaa na vijana wanaosukuma magari yaliyokwama. Sikutarajia kwamba kikao hiki ndicho kingekuwa kigumu kuliko vyote, lakini kinaeleweka. Kila gari linalozama ni hela kwao. Wana mbao zao, wana koleo, wanajua kutoa upepo kwenye magurudumu ili tairi ilale na kushika mchanga. Mmoja wao aliniambia wazi: "Mama katibu, nyie mnaona tatizo, mimi naona ada ya mdogo wangu." Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo, na sikutaka kumpa maneno matupu. Tukakubaliana kwamba hakuna nguzo ya kuzuia magari itakayosimikwa kabla kazi ya maegesho haijapangwa nao: kuelekeza magari, kuyalinda, kubeba mizigo ya wageni hadi chini, kukodisha miamvuli na maboya ya kuogelea. Wamechagua viongozi wao wenyewe. Kijana yule aliyesema habari ya ada ndiye kiongozi wa zamu.

Wavuvi wao hawakuomba fidia, waliomba njia. Mashine ya boti haibebwi begani kila siku kutoka barabarani, na mafuta na barafu vivyo hivyo. Wana haki. Tumetenga njia moja tu ya kushukia mwaloni, pale boti zinapofikia, iliyojazwa mawe na kifusi kigumu, pana kwa gari moja. Gari la kazi linashuka, linashusha, linapanda. Halilali, halioshwi, na halipindi kulia wala kushoto. Njia itafungwa kwa mnyororo, ufunguo mmoja kwa kiongozi wa mwalo, mwingine zahanati, wa tatu kwa mtendaji, ili mtu akizama au mama mjamzito akiletwa kwa mtumbwi usiku, gari lisisubiri mtu kutafutwa.

Julai, mkutano mkuu wa kijiji

Uwanja ulijaa. Niliombwa kueleza kwa ufupi wenzetu duniani wamefanyaje, nikaeleza bila kupendelea.

Afrika Kusini ilipiga marufuku magari ya starehe kwenye fukwe zake kwa kanuni zilizotolewa Desemba 2001, zikaanza kutumika Januari 2002. Zilibakiza sehemu maalumu za kushushia boti na vibali kwa wenye sababu. Marekani hakuna njia moja. Daytona Beach, Florida, ambako zamani walishindania magari ya mbio juu ya mchanga, bado gari linaruhusiwa katika baadhi ya vipande, kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16 hivi, na vipande vingine vimefungwa. Mchanga wa kule umeshindiliwa ukawa mgumu. Wetu siyo, na asije mtu akatuletea mfano wa Daytona bila kutaja hilo. Texas ina sheria ya mwaka 1959 inayolinda haki ya umma kufika na kutumia fukwe zake za Ghuba ya Meksiko hata kama mwenye kiwanja yuko pale mbele. Queensland nchini Australia, katika kisiwa cha K'gari, gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne linaingia kwa kibali kilicholipiwa kabla.

Kila mmoja akachukua aliyempenda. Wenye nyumba za wageni walipenda kibali cha Australia, kwa sababu mgeni mwenye Land Cruiser angekilipa bila kuhisi. Hapo nilisimama kinyume nao na nitaendelea kusimama. Kibali cha kulipia kinamruhusu mwenye gari kubwa kukanyaga usipa wa mama yule yule, ila sasa akiwa na stakabadhi. Kisiwa kile kina ufukwe wa kilomita nyingi ambazo watu wametawanyika. Sisi kipande chetu kinatembelewa kwa miguu chote kabla chai haijapoa, na mwalo, soko, waogaji na waanikaji wako humo humo.

Mzee mmoja akainua fimbo. "Hizo nguzo zenu, mimi nitapitaje na ndoo yangu?"

"Tata, utapita katikati ya nguzo bila kugeuka ubavu. Ukikwama, zing'olewe."

"Na mjukuu wangu akija kutoka Mbeya na gari lake?"

"Gari litabaki juu, Tata. Mjukuu atashuka na wewe."

Akacheka, akasema "ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akakaa. Mama mmoja akauliza ada ni ya nani. Tukasema mbele ya wote, na imeandikwa: ada ni ya gari kuegeshwa, si ya mtu kuingia. Hakuna ada ya miguu, leo wala baadaye. Tena hakuna atakayetoza hata shilingi kabla sheria ndogo haijapitishwa na halmashauri ya wilaya, kwa kuwa serikali ya kijiji inaandaa sheria ndogo, mkutano wa kijiji unaijadili, lakini haina nguvu mpaka wilaya iidhinishe. Kelele zilikuwa nyingi kwenye jambo hili. Sikukuu zinakaribia na watu wanaziona fedha zikipita. Lakini mgeni akitozwa bila stakabadhi ya serikali mara moja tu, habari inafika Mbeya kabla yake.

Mkutano umekubali. Wachache walikataa na majina yao yameandikwa na hoja zao, kama inavyotakiwa.

Mwisho wa Julai, nguzo

Hii ni sehemu niliyoisubiri, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu vijiji jirani vimeanza kuuliza.

Tumetumia miti ya milingoti, yaani mikaratusi. Fundi alipendekeza tuichovye kwenye oili chafu ili mchwa wasiile, na ndivyo watu wengi wanavyofanya kwenye uzio wa mashamba. Tulikataa. Haiwezekani tufukuze magari kwa sababu ya oili kisha sisi wenyewe tuizike mita chache kutoka majini. Badala yake tumechoma ncha ya chini ya kila nguzo motoni mpaka ikawa mkaa kwa nje, tukaiacha ipoe, tukaizika sentimita 80 chini, kuzunguka kwake tukashindilia mawe na udongo mkavu. Juu imebaki sentimita 70. Urefu huo una sababu. Mama anayepita na tenga la samaki kichwani tenga linapita juu ya nguzo bila kugusa. Dereva anaiona akiwa bado mbali. Na mtu aliyechoka anaweza kuikalia, jambo ambalo watu wameshaanza kulifanya.

Nafasi kati ya nguzo na nguzo ndiyo ilituchukua muda. Bajaji ina upana wa kama mita 1.3, na gari dogo linakwenda mita 1.6 hadi 1.7. Kiti cha magurudumu cha mlemavu kinahitaji kama sentimita 90 ili mikono isikwaruzwe. Tumeweka mita 1.1. Bajaji haipiti, kiti kinapita, watu wawili wanaobeba mashine ya boti kwa mti mabegani wanapita mmoja mbele mmoja nyuma. Pikipiki nayo inapita. Hakuna namna ya kuizuia pikipiki kwa nguzo bila kumzuia mwenye kiti cha magurudumu, na kati ya hao wawili tumejua wa kumchagua. Bodaboda wamewekeana kanuni yao kwenye kijiwe: anayeshuka na pikipiki mchangani anakaa zamu moja bila kupakia. Mpaka sasa wanaishika wenyewe kuliko tungeweza kuwashikia sisi.

Tumejaribu kila nafasi. Kijana anayetembelea kiti, mwenyeji wa kitongoji cha pili, alipita zote. Kwenye nafasi mbili mchanga ulikuwa umejikusanya gurudumu likazama, tukalaza mabanzi ya mbao yaliyofungwa kwa kamba kama mkeka mpaka pale mchanga unapokuwa mbichi na mgumu. Alifika majini mwenyewe, akaosha mikono, akasema mabanzi yaongezwe mita nyingine mbili. Yameongezwa.

Maegesho yako kwenye eneo la wazi la kijiji chini ya miembe. Tumechimba mtaro kulizunguka na kupanda nyasi ndani yake, maji ya mvua yapite kwenye nyasi kabla ya kuelekea ziwani. Kyela mvua inajulikana.

Agosti, wiki ya Nanenane

Mbeya ina maonyesho yake kwenye uwanja wa John Mwakangale, na wengi wakimaliza huko wanateremka ziwani. Magari yalipanga mstari kuanzia maegesho mpaka barabarani. Vijana wa zamu walivaa vizibao vyao vya rangi ya machungwa, wakaelekeza bila kupiga kelele. Dereva mmoja wa gari kubwa alitaka kung'oa nguzo ya kona kwa kamba ya kuvutia. Kijana wa zamu hakugombana naye. Alimuonyesha mabanzi, akambebea kasha lake la vinywaji baridi mpaka chini na kumwekea kivulini. Baadaye dereva yule alimpa hela nzuri. Nimeandika hili kwa sababu lilinigusa. Kijana huyu mwezi Mei alikuwa anaishi kwa magari kuzama.

Jioni nilipita tena ufukwe mzima. Usipa ulikuwa umeanikwa moja kwa moja kutoka mwaloni hadi karibu na majengo ya kanisa, na watoto walikuwa wanacheza mpira mahali ambapo Pasaka kosta zilikuwa zimeegeshwa.

Upungufu: vyoo vya maegesho havitoshi, na mwanga usiku hakuna. Taa mbili za sola zimeombwa.

Jumamosi ya soko, Lyulilo

Vyungu vya Wakisi, kabila la kando ya ziwa linalojulikana kwa ufinyanzi, vinatoka kijiji cha Ikombe kwa mitumbwi, na soko lake ni Jumamosi hapa Lyulilo. Wachuuzi wanaovipeleka mijini walizoea kushusha pikapu mpaka kwenye mtumbwi. Sasa pikapu linasimama kwenye ardhi ngumu, na vyungu vinabebwa. Swali likawa mbebaji analipwa na nani, na wachuuzi wakataka wakate kwenye bei ya chungu.

Niliwakuta wanabishana mbele ya mama mmoja wa Ikombe aliyekuwa hana haraka yoyote. Alishika chungu, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akakigonga tena upande wa pili, akampa mchuuzi naye asikilize. Kikilia vizuri ni kizima, kikilia butu kina ufa usioonekana. Kisha akasema: "Bei yangu ni ya hapa ninaposimama. Kimevuka ziwa na mawimbi hayakukivunja. Kuanzia hapa ni chako, na mabega ni yako." Kamati haikuwa na la kuongeza. Imeandikwa hivyo hivyo: mnunuzi ndiye anayelipia ubebaji.

Kuna faida ambayo hatukuipanga. Pikapu lilipokuwa linashuka, mchuuzi mmoja mwenye gari alikuwa ananunua mtumbwi mzima kabla wengine hawajafika. Sasa vyungu vinapanda kwa mikono na vinapangwa juu ya majani makavu ya migomba kando ya njia, na wanunuzi wadogo, hata mgeni anayetaka chungu kimoja cha kupikia maharage, wanapata nafasi ya kuchagua.

Septemba, viwanja vya watu binafsi

Nyumba nyingi za wageni zimefunga mageti yao ya upande wa ziwa kwa magari na kuacha mlango wa watu. Moja imeondoa hata uzio wa waya uliokuwa ndani ya mita 60 na kupanda ua wa matete. Tumewapelekea barua ya shukrani yenye mhuri.

Kiwanja kimoja kimebaki. Uzio wake unateremka mpaka wimbi linapoishia, kwa hiyo anayetembea kando ya ziwa lazima aingie majini mpaka mapajani kuuzunguka, na ndani ya uzio huo wageni wanashusha magari mpaka mchangani kama zamani. Mwenye kiwanja anasema ana hati. Tumeiona nakala, na hatubishani na umiliki wake wa mahali nyumba ilipo. Tunachosema ni kwamba hati haimpi ruhusa ya kuweka uzio wa kudumu kwenye mita 60 ambazo mkulima wa hapa haruhusiwi kujenga hata banda la mbuzi.

Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana kwenye ramani. Mwanakijiji ametuamini akaacha bajaji yake juu. Akiangalia upande wa pili wa uzio akaona gari la mgeni aliyelala chumba cha bei kubwa likioshwa majini, atajua kwamba kanuni yetu ni ya wasio na uzio. Nguzo zote tulizosimika zitakuwa zimemnufaisha mtu mmoja: ufukwe wake ndio utabaki pekee unaofikika kwa gari, na atautangaza hivyo. Afadhali tungeacha kila kitu kilivyokuwa.

Wajumbe wawili walipendekeza tumwachie kwanza, tusije tukapoteza mfadhili wa taa za sola. Niliwasikiliza, na nimeandika maoni yao. Taa tutazitafuta kwingine.

Oktoba

Rasimu ya sheria ndogo imerudi kutoka kwa mwanasheria wa halmashauri ikiwa na masahihisho machache. Neno "mgeni" limeondolewa kwenye kifungu cha magari, sasa kinasema "mtu yeyote", nasi tumekubali kwa mikono miwili. Kifungu cha kuosha vyombo vya moto ziwani kimebaki kama kilivyokuwa. Kifungu cha mnyororo wa mwalo kimeongezewa gari la zimamoto. Kwenye ada, malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali tu, na mapato ya kila mwezi yatasomwa kwenye mkutano wa kijiji na kubandikwa ofisini. Inasubiri kikao cha baraza la madiwani.

Kuhusu kiwanja kile, afisa ardhi wa wilaya amekubali kuja na vipimo vyake. Tutaanzia kwenye vigingi vyekundu vya Mei, siyo kwenye maji ya leo ambayo yameshuka. Mwenye kiwanja amealikwa kwa barua awepo yeye au mwakilishi wake. Kamati imeshaamua itakachokubali: nafasi ya watu kupita kando ya ziwa, wazi mchana na usiku, na geti la magari kuhamishwa juu ya mita 60. Itakachokikataa ni mlango wenye kufuli ambao ufunguo wake anao mlinzi.

Kabla ya Desemba yafuatayo yakamilike: kubadilisha nguzo tatu zilizolegea upande wa Lyulilo, mabanzi ya nafasi ya nne, vyoo viwili vya maegesho, na zamu ya Krismasi ya vijana, ambayo kiongozi wao ameshaniletea ikiwa imeandikwa kwa majina na saa.